Nani Ashike Sindano? Kuchagua Mtaalamu wa Mifugo na Kumudu Gharama za Tiba

Ndama wako hakunyonya asubuhi. Masikio yamelegea, manyoya yamesimama, na ukimpapasa chini ya sikio unakuta tezi imevimba kama yai. Jirani ana nusu chupa ya oksi iliyobaki tangu mwezi uliopita. Kijana wa pikipiki amepita na begi la dawa, sindano moja shilingi 10,000. Afisa mifugo wa kata yuko kijiji cha pili. Unaanza na nani?

Familia nyingi huanza na nusu chupa ya jirani kwa sababu ni bure. Siku ya tatu huita kijana wa pikipiki. Siku ya tano, ndama anapohema kwa shida na povu linatoka puani, ndipo humpigia simu mtaalamu. Mtaalamu akifika, dawa anayoileta ni ghali na muda wake umepita. Ndama anakufa, na fedha zimetoka mara tatu.

Dalili hizo ni za ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Oksi (oksitetrasaikilini) inatibu ndigana baridi na maji moyo, lakini ndama akishaugua ndigana kali, oksi haimponyi. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri siku za mwanzo, kabla mapafu hayajajaa maji. Ndigana baridi, maji moyo na ndigana kali zote huanza na homa, lakini tiba zake hazifanani. Kwa hiyo unapomlipa mtaalamu, kitu cha kwanza unachonunua ni jina sahihi la ugonjwa. Sindano inafuata baadaye.

Nani ni nani

Hapa Tanzania kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Baraza la Veterinari ndilo linaloweka orodha ya wanaoruhusiwa kutibu mifugo. Daktari wa mifugo ana shahada ya chuo kikuu, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Huyu ndiye wa kufanya upasuaji na kushughulikia magonjwa magumu. Chini yake wako wataalamu wasaidizi wenye stashahada au cheti, wengi wamesoma katika vyuo vya LITA kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Afisa mifugo wa kata yako huenda ni mmoja wao. Anaweza kutibu magonjwa mengi ya kawaida, kuchanja, kuhasi na kukata pembe.

Usidharau cheti, wala usikiabudu. Mtaalamu msaidizi aliye kilomita 10 kutoka bomani na anayepokea simu anaweza kukufaa kuliko daktari aliye mjini, mradi ajue mahali ujuzi wake unapoishia na amwite daktari mapema. Lakini mtu asiye na usajili wowote, hata akiwa mpole na bei yake ni nafuu, hana wa kumwajibisha akiua ng'ombe wako. Kumwomba mtu akuonyeshe cheti chake cha usajili si kumtukana. Aliyesajiliwa atakionyesha. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya.

Mtazame anavyofanya kazi

Njia bora ya kumpima mtaalamu ni kumtazama katika dakika 10 za kwanza. Mzuri huuliza kabla hajagusa begi: mnyama ameanza kuumwa lini, wangapi wanaumwa, mmehamia malisho gani, mmeogesha lini, mmeshampa dawa gani. Swali hilo la mwisho ndilo wafugaji wengi hulificha kwa aibu. Mwambie ukweli. Akijua umeshachoma oksi juzi, hatakuuzia tena kitu kile kile.

Kisha atapima joto. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, na ndama hupanda kidogo zaidi. Atapapasa tezi za chini ya sikio na za begani, atatazama ufizi na ndani ya kope, atasikiliza pumzi. Atakadiria uzito. Atakuonyesha chupa ili usome jina na tarehe ya mwisho. Atatumia sindano safi. Akimaliza atakuambia umpigie lini asipoona nafuu, na siku ngapi usitumie maziwa wala nyama.

Mwingine hufika, hafungui kinywa wala hapimi joto, anavuta dawa mbili katika bomba moja na kuchoma. Kila mnyama, sindano ile ile. Chupa zake hazina karatasi, au zimeshinda juani juu ya pikipiki. Huyo hata akiwa na cheti, tafuta mwingine. Na zile chupa zinazotandikwa juu ya turubai mnadani tangu asubuhi hadi jioni, jua likiwaka, ni kamari hata kama zina chapa nzuri. Dawa nunua katika duka lenye kibali, lililo na kivuli na jokofu, na udai risiti. Ikileta shida, risiti ndiyo ushahidi wako.

Dozi ndogo ni hasara kubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za wafugaji zinapopotelea.

Dawa ya nagana, ambayo wengi wanaiita berenili, huja katika pakiti ndogo ya gramu 2.36. Pakiti hiyo imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Wengi huikoroga na kuwachoma ng'ombe watatu ili kubana matumizi. Kila mmoja anapata theluthi ya dozi. Vimelea vinapungua, ng'ombe wanaonekana wamepona, wiki chache baadaye wanadhoofu tena, na vimelea vilivyobaki ni vile vilivyozoea dawa. Umenunua pakiti moja badala ya tatu, kisha utanunua tena tatu, na safari hiyo huenda zisifanye kazi. Pakiti kubwa zaidi zipo pia, kwa hiyo soma maandishi au mpe kijana aliyesoma akusomee.

Oksi nayo ina mtego wake. Ile ya asilimia 10 ya kawaida hurudiwa kila siku kwa siku kadhaa. Ile ya asilimia 20 ya muda mrefu huchomwa mara moja na kufanya kazi kwa siku tatu hivi, kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Chupa ya asilimia 10 ina bei ndogo, basi mfugaji anainunua, anachoma mara moja, anasubiri. Hapo ametupa fedha. Kwa anayehama na mifugo na hawezi kumkamata mnyama yule yule kila asubuhi, ya muda mrefu mara nyingi ndiyo nafuu.

Na yote haya yanategemea uzito. Macho yetu hudanganya, na kwa kawaida hukadiria chini kwa ng'ombe wakubwa. Maduka ya pembejeo huuza utepe wa kupimia uzito unaozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Utepe mmoja na kipimajoto kimoja vinatosha boma zima kwa miaka. Pima joto asubuhi kabla jua halijachoma, kwa kuwa mnyama aliyetembea mchana huonyesha joto la uongo.

Kupunguza gharama bila kupunguza dawa

Kabla mtaalamu hajapanda pikipiki, mwombe akutajie bei kwa mafungu matatu: usafiri, huduma na dawa. Mara nyingi usafiri ndio unaouma, na ndio unaoweza kugawanywa. Tuseme safari ni shilingi 20,000. Ukimwita peke yako kwa ndama mmoja, unailipa yote. Maboma manne yakikubaliana siku moja, kila moja linatoa 5,000, na mtaalamu anaangalia wagonjwa wote, anachanja na kuhasi siku hiyo hiyo. Wengine hupatana naye siku maalumu kila mwezi, kwa mfano siku inayofuata mnada, fedha zikiwa bado mkononi.

Kwa chanjo, kuungana ni lazima. Chupa ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo kwa kawaida ni ya dozi 50 au 100, na ikishachanganywa na maji yake haiwekwi hadi kesho. Mwenye mbuzi 20 akiichukua peke yake, amelipia na kumwaga. Chanjo ya ndigana kali nayo husafirishwa katika mtungi wa baridi kali na kuchomwa na mtu aliyefunzwa, pamoja na oksi ya muda mrefu kwa kipimo cha uzito. Bei yake kwa ndama mmoja huwashtua watu. Lakini huchomwa mara moja tu maishani, na ndama anavishwa hereni ambayo wanunuzi wa mnada wa kaskazini wanaijua na kuilipia. Kuogesha usiache, kwa kuwa chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala maji moyo.

Chanjo za kimeta na chambavu hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, Kibaha. Chambavu huchagua wale vijana walionona, wa miezi sita hadi miaka miwili, yaani wale wale uliowategemea kwa ada ya shule. Chanja kabla ya mvua.

Fedha zenyewe zitoke wapi? Uza mbuzi mmoja au wawili mwanzoni mwa kiangazi, wakiwa bado na nyama mwilini, na fedha hizo ziweke kwenye simu au kwenye kikundi kwa jina la tiba. Ukisubiri mnyama augue ndipo uuze, utauza kwa haraka, wakati kila mtu anauza, na bei atakupangia mnunuzi.

Na fedha hizo zikae na nani? Baba mara nyingi yuko mbali na kundi kubwa, huku ndama, wazee na wagonjwa wamebaki bomani na mama. Yeye ndiye anayekamua, ndiye anayeona kwanza maziwa yamepungua au ndama hakunyonya. Akilazimika kusubiri ruhusa ya simu isiyopatikana, siku mbili za mwanzo za ndigana kali zimekwenda. Namba ya mtaalamu iwe kwenye simu yake, na kiasi fulani awe na idhini ya kukitumia bila kuuliza.

Kuna wakati jibu la haki ni kutotibu. Kwa ng'ombe mzee asiyeshika mimba tena na ambaye meno yamekwisha, muulize mtaalamu waziwazi: nafasi yake ya kupona ni kubwa au ndogo, na gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani? Mtaalamu mwaminifu hukwambia hata kama jibu linamnyima kazi. Lakini usimpeleke mgonjwa mnadani, wala usimchinje aliyechomwa dawa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha.

Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda ikatoka puani au kwenye njia ya haja, huenda ni kimeta. Usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Zuia mbwa na watoto, piga simu kwa afisa mifugo. Kutoa taarifa hakukugharimu kitu.

Mbwa wa boma

Mbwa analinda zizi usiku kucha, lakini katika hesabu za tiba hatajwi. Anastahili mambo mawili, na yote ni nafuu.

La kwanza ni dawa ya minyoo aina ya tegu, yaani prazikwanteli. Kondoo anayezunguka upande mmoja, ambaye Wamaasai wengi husema ana ormilo, mara nyingi ana lengelenge ndani ya ubongo lililotokana na mayai ya tegu wa mbwa. Mbwa naye aliupata kwa kula kichwa cha kondoo mgonjwa. Usimtupie mbwa kichwa kibichi. Kichome au kizike, na mbwa apewe dawa mara kwa mara kama mtaalamu atakavyopanga. Hakuna sindano ya kumponya kondoo huyo, kwa hiyo ukiambiwa ipo, shika fedha zako.

La pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na nyingi ni bure. Ulizia ofisi ya kata mapema. Mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sindano za binadamu ni kadhaa, huchomwa kwa siku tofauti, na nauli peke yake yaweza kula mbuzi. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Cheti cha chanjo cha mbwa kiwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwa sababu daktari wa hospitali atakiulizia.