Tarehe kwanza, tiketi baadaye: hesabu ya likizo ya meli kwa familia ya Mwanza

Familia ya Mabatini, hapa Mwanza, inapoanza kuzungumzia likizo ya meli kwenda Bukoba, swali la kwanza huwa ni nauli. Ni swali la haki, na jibu lake linapatikana kwa kushuka mjini hadi dirisha la tiketi la bandari ya Mwanza Kaskazini. Lakini nauli ndiyo sehemu ya bajeti iliyo rahisi kuijua na isiyobadilika sana. Familia nyingi hutoboka mfuko mahali pengine kabisa, kwenye tarehe: siku ya kwenda, siku ya kurudi, na siku ya kulipia. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba mwenye kupanga tarehe hizo tatu vizuri anaweza kupanda daraja la juu na bado akatumia fedha kidogo kuliko aliyekimbilia tiketi ya bei ya chini bila kutazama kalenda.

Sababu ya kwanza iko kwenye mwendo wa meli yenyewe. Basi likijaa, kuna jingine kesho asubuhi. Meli haiendi hivyo. Kwa miaka mingi MV Victoria imekuwa ikitoka Mwanza usiku, ikipitia Kemondo na kufika Bukoba asubuhi, kisha kurudi usiku mwingine, na katika wiki kuna siku ambazo haisafiri. Maana yake ni kwamba anayekosa nafasi ya kurudi hasubiri saa, anasubiri siku. Chukua hesabu ya mfano tu, namba utaweka zako: baba, mama na watoto wawili waliokwama Bukoba siku mbili. Vyumba viwili vya gesti kwa shilingi 30,000 kila kimoja, usiku mbili, ni 120,000. Chakula cha 10,000 kwa kila mtu kwa siku, watu wanne, siku mbili, ni 80,000. Hapo tayari ni 200,000 ambazo hazikuwa kwenye daftari, kabla hujahesabu genge lililofungwa Mabatini au siku za kazi zilizopotea. Hakuna tofauti ya nauli kati ya daraja na daraja inayotajwa kwenye mazungumzo ya nyumbani inayoweza kushindana na hasara ya namna hiyo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usikate tiketi ya kwenda kabla hujajua ya kurudi utaipata lini, na kama dirisha linaruhusu, zikate zote mbili kwa pamoja.

Daraja nalo hupimwa vibaya. Watu hulinganisha bei ya kiti na bei ya kitanda, wanaona pengo, wanachagua kiti. Kinachosahaulika ni kwamba safari hii ni ya usiku, na aliyekesha kwenye kiti na watoto wawili mapajani hafiki Bukoba akiwa tayari kutembea. Anafika akitafuta mahali pa kulala. Ataingia gesti asubuhi na kulipia chumba mchana kutwa kwa ajili ya usingizi aliouacha majini, na siku ya kwanza ya likizo itakuwa imekwisha. Aliyelala kitandani anashuka gatini, anaacha mizigo kwa mwenyeji au gesti, na saa tatu asubuhi yuko mjini na wanawe: kanisa kuu ambamo amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, au ufukwe unaotazama kisiwa cha Musira. Tiketi ya kulala, kwa hiyo, imebeba nauli na malazi ya usiku mmoja, na inapaswa kulinganishwa na jumla ya hivyo viwili. Kwa kijana anayesafiri peke yake, mwenye shangazi wa kumpokea Bukoba, kiti kinatosha na sioni sababu ya kumshauri vingine. Kwa familia yenye watoto wadogo kitanda ndicho chenye nafuu. Ulizia pia umri ambao mtoto huanza kulipa nauli kamili, maana mwezi mmoja wa kuzaliwa unaweza kubadilisha jumla yako.

Msimu ndio unaotawala yote haya. Desemba watu wenye asili ya Kagera hurudi nyumbani kwa Krismasi, shule zimefungwa, na ni wakati wa senene. Safari za Mwanza kwenda Bukoba hujaa. Januari mkondo hugeuka: watoto wanarudi shule, watu wazima kazini, na wote wanataka meli ya kurudi wiki ileile. Anayekwenda kwa mila na familia hana budi kuingia kwenye mkondo huo, ila aingie mapema. Anayekwenda kutalii tu anaweza kusafiri kinyume chake, akaenda sikukuu zikiwa zimekwisha au katikati ya likizo ya Juni, akakuta nafasi za kulala na vyumba vya gesti ambavyo wenyewe wako tayari kuvipunguzia bei. Hapa kuna kikwazo ambacho nadhani kinagharimu familia za mitaa yetu kuliko kingine chochote: akiba nyingi ziko kwenye vikoba, na vikoba vingi huvunjwa Desemba. Fedha inafika mkononi wakati vitanda vyote vimeshachukuliwa, na hapo ndipo walanguzi na wapiga debe wanapopata riziki yao. Kama kikundi chako kinaruhusu, omba zamu ya upatu iangukie Oktoba au Novemba, au weka kando kibubu cha nauli peke yake na uache mgao wa kikoba uwe wa matumizi ya huko mwendako. Tarehe ya akiba iendane na tarehe ya kukata tiketi. Kuilinganisha na tarehe ya kusafiri hakutakusaidia kitu.

Mtu anaweza kusema: kuna haja gani ya kuhangaika hivi wakati basi lipo? Hoja hii imepata nguvu tangu Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Zamani foleni ya kivuko iliweza kula saa nzima au zaidi. Leo gari linavuka kwa dakika chache na kuendelea Sengerema, Geita hadi Kagera. Nakubali kabisa kwamba kwa mtu mwenye msiba, mgonjwa au biashara ya haraka, barabara ndiyo njia. Lakini basi linakula mchana wako mzima, na ukifika jioni unalipa gesti usiku huohuo. Meli inakula usiku tu. Mtu mwenye likizo ya siku nne anapata karibu siku mbili zaidi za kutembea kwa kutumia meli kwenda na kurudi, na siku hizo ndizo alizozitolea fedha. Daraja hilo lina faida nyingine kwa msafiri wa meli ambayo haisemwi sana: limekuwa bima yake. Ratiba ya meli ikivurugika, nauli ya basi ya kurudi Mwanza kwa familia nzima ndiyo kiwango cha chini cha fedha ya dharura unachopaswa kuwa nacho, ambayo haiguswi mpaka utakapokuwa umeshapanda meli ya kurudi.

Wengine watasema ujio wa MV Mwanza unaondoa tatizo lote la nafasi. Ni meli kubwa kweli: ilishushwa majini Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200, mizigo tani 400 na magari, nayo MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurejea baada ya ukarabati mkubwa mwaka 2020, ina uwezo kama huo wa abiria. Ila jumla hiyo inahesabu viti na vitanda pamoja, na vitanda siku zote ni vichache. Meli ikiongezeka, anayechelewa atapata kiti. Kitanda bado kitakuwa cha aliyewahi.

Kuna pingamizi zito kuliko haya, na Mwanza hakuna anayelichukulia kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli ya watu 430, ilizama ikikaribia Mwanza na zaidi ya watu 800 wakafa. Makaburi yao Igoma yanaonekana hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Anayeogopa maji baada ya hayo ana sababu. Lakini tazama yaliyo ya pamoja katika misiba hiyo miwili: watu walizidi uwezo wa chombo. MV Nyerere ilikuwa imebeba watu wa siku ya gulio. Kwenye MV Bukoba abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na ndiyo maana idadi kamili ya waliokufa haijawahi kupatikana. Kwa hiyo hata usalama unarudi kwenye tarehe. Siku ambayo kila mtu anasafiri ndiyo siku ya hatari, na tiketi iliyokatwa mapema kwa jina lako, lililoandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, ndiyo inayokuweka kwenye orodha. Usikubali tiketi yenye jina la mtu mwingine hata ikiwa nusu bei. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na kampuni ya meli, tunza ujumbe wa simu, na ukiona watu wanapandishwa bila kuhesabiwa, shuka. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na kulalamika kwao ni haki ya kila abiria. Ukishapanda, waonyeshe watoto maboya yalipo kabla hujawaonyesha kitanda.

Hali ya hewa inahitaji maneno machache tu. Juu ya Ziwa Victoria ngurumo nyingi hutokea usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa kuwa usiku upepo wa nchi kavu hukusanyika juu ya maji yenye joto, na miezi ya masika na vuli huwa na mawingu mazito zaidi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ziwa siku moja kabla. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku sitahani ni baridi: sweta na shuka vinagharimu kidogo nyumbani kuliko homa ya mtoto ugenini. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya meli kung'oa nanga, maana mawimbi yakishaanza haisaidii sana.

Upande wa mizigo, kwenda ni rahisi na kurudi ni ghali. Bukoba inauza: mikungu ya ndizi, kahawa, senene. Mkungu ulionunuliwa kwa bei ya shambani unaweza kufika Mabatini ukiwa na bei ya sokoni ukishajumlisha mchukuzi wa Bukoba, ushuru wa mzigo, mchukuzi wa Mwanza na bajaji ya kupandisha mlima. Nunua zawadi unayoweza kuibeba mwenyewe. Hali kadhalika chakula: kantini ya meli ipo, lakini kapu lenye chapati, ndizi na maji huokoa fedha ya kutosha kulipia bajaji ya kurudi nyumbani.

Kanuni ileile ya tarehe hufanya kazi kwa anayeota meli kubwa za kitalii za nje, kama zile zinazotoka Durban au bandari za Mediterania. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili, hivyo anayesafiri peke yake hutozwa karibu mara mbili. Juu yake kuna tozo za bandari, bakshishi ya kila siku, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu. Meli inayotoka Italia, ikagusa Uturuki na kurudi Italia, inataka viza ya Schengen inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kuzuiwa kupanda akiwa ameshalipa kila kitu. Na ndege ifike mji wa bandari siku moja kabla, kwa kuwa meli hizo hazimsubiri aliyechelewa.

Tukirudi kwenye safari ya Bukoba, mwenye kulenga Desemba asikae akisubiri kikoba kivunjwe. Nenda dirishani mapema Novemba, uliza mambo matatu: siku za kwenda na kurudi, vitanda vilivyobaki katika kila daraja, na utaratibu wa kurudishiwa fedha au kubadilishiwa safari meli isipoondoka. Kisha ndipo uulize nauli.