Kukanda mwili kisha kazi ya shamba: kunasaidia nini, na wapi kuna hatari



Kila mara tunawaandikia juu ya mbegu, magonjwa ya mihogo na bei ya maharage. Safari hii tunaongea juu ya mgongo. Msimu A ukianza, mwezi wa tisa, watu wanashika jembe tangu asubuhi, na jioni nyumba nyingi zinatafuta mutu wa kukanda. Sisi ni wagronome, si waganga. Lakini jembe, muzigo na pompi ya dawa ni vyombo vya kazi yetu sote, na mutu asiyeweza kuinama hawezi kupalilia.

Je, kukanda kunasaidia kweli? Ndiyo, lakini si kwa namna wengi wanavyofikiri.

Misuli imefanywa na nyuzi nyembamba sana. Ukilima siku nzima kisha mapumziko marefu, nyuzi hizo zinachanika kidogo kidogo. Mwili unaanza kuzitengeneza, na pale panavimba kidogo ndani. Ndiyo maana maumivu hayaji sana siku ile ile: yanakuja kesho yake, yanapanda hata kesho kutwa, halafu yanashuka yenyewe. Watu wanasema kukanda kunatoa uchafu au asidi iliyobaki katika misuli. Hapana. Asidi hiyo mwili unaiondoa wenyewe mapema, mbele hata maumivu ya kesho hayajafika.

Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walitoa majibu ya jaribio moja zuri. Walichukua vijana wanaume 11, wakawachokesha kwa baiskeli, kisha wakawakanda mguu mmoja tu kwa dakika 10. Mguu wa pili waliuacha. Halafu wakatoa vipande vidogo vya misuli kwa miguu yote mbili, wakalinganisha. Asidi haikupungua kwa sababu ya kukandwa. Lakini katika mguu uliokandwa, alama za uvimbe wa ndani zilikuwa chache zaidi. Watu 11 ni wachache, tunakubali. Hata hivyo linafanana na lile tunalojua nyumbani: mwili uliokandwa unauma kidogo kuliko ule ulioachwa.

Mgongo unaouma kwa miezi ni neno lingine. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, karibu mutu 1 kwa 13. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023, OMS ilitoa mashauri juu ya mgongo unaouma kupita miezi 3, na kukanda kumo, pamoja na mazoezi na kumufundisha mugonjwa ajue hali yake. Kukanda peke yake hakutoshi, kwani faida yake ni ya muda mfupi. Lakini muda huo mfupi una maana: maumivu yakishuka, unaweza kutembea, kuinama pole pole, kufanya kazi nyepesi, na mgongo unahitaji mwendo ule. Mutu anayelala kitandani wiki nzima juu ya mgongo anarudi shambani na misuli dhaifu kuliko mbele.

Namna ya kukanda si ya siri. Fanyeni jioni, kisha kuoga. Tumia kiganja kizima na dole gumba, pande zote mbili za uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Anza polepole, ongeza nguvu kidogo, dakika 10 au 15. Yule anayekandwa ndiye anayeamuru: akisema inatosha, inatosha. Kwa wamama wanaobeba muzigo kwa kamba ya kichwani, pahali pa kufanyia kazi ni shingo na mabega, toka nyuma ya kichwa mukishuka. Musizungushe shingo kwa nguvu ili ilie. Tena musipandishe mutu juu ya mgongo wa mzee. Mifupa yake inaweza kuvunjika.

Mafuta ya mawese au mengine, yote ni sawa, kazi yake ni kuteleza tu. Pilipili ndani ya mafuta hatuishauri, inachoma ngozi. Na hapa tunaongea kama wagronome: mutu aliyepuliza dawa ya wadudu asikandwe wala asikande mbele ya kuoga na sabuni na kubadili nguo. Dawa inapita katika ngozi, na mkono unaosugua unaitandaza mwili mzima.

Pompi yenyewe pia muiangalie. Ile ya litri 15 ikijaa ni kilo 15 za maji, bila kuhesabu chombo. Kuijaza nusu na kurudi mara mbili si uvivu. Vilevile mpini mfupi wa jembe unakuinamisha kutwa. Ukiweka mrefu, jioni utakuwa na kidogo cha kukandwa.

Sasa hatari, na hapa tunaomba musome mara mbili. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa moto na unauma kwenye shavu lake, zaidi kwa mama aliyezaa karibuni, musiukande. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiisukuma inaweza kwenda mpaka mapafuni na kuua. Tumbo la mama mwenye mimba halisukumwi kwa nguvu ili kugeuza mtoto. Mfupa uliovunjika au kiungo kilichotoka hakikandwi. Mwenye homa apimwe malaria kwanza. Na mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na kukonda, jasho la usiku au kikohozi, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa: kinaponyeshwa kwa dawa ya miezi mingi, na kukikanda ni kupoteza wakati. Miguu ikikufa ganzi, au mkojo ukitoka bila kujua, nendeni kituo cha afya siku ile ile.

Kuna na ugonjwa unaotoka katika mazao yetu wenyewe: konzo, unaojulikana sana kule Kwango na Kwilu. Mtoto au mama anaamka miguu yote mbili imekakamaa kwa ghafla, kisha kula kwa majuma mihogo michungu isiyolowana vizuri, bila vyakula vingine vya kutosha. Jamaa wanakanda siku nyingi, lakini kilichoumia ni mishipa ya fahamu, si misuli, na miguu hairudi kama mbele. Mihogo michungu iloweke siku 3 kamili au zaidi, mpaka iwe laini kabisa, ndipo ianikwe juani. Maharage yakiwepo, yaliwe pamoja na fufu.