KAZI INA MPAKA WAKE



Watu wengi wanaokuja kuonana na mshauri nasaha hawaanzi kwa kutaja kazi. Wanasema: "Sipati usingizi," "Kichwa kinauma kila jioni," "Nawapiga watoto bila sababu." Wanapimwa malaria na presha, hakuna kinachoonekana. Mazungumzo yakiendelea ndipo inajulikana kwamba mtu huyo anafanya kazi isiyo na mwisho. Kwa hiyo leo tunaeleza juu ya mipaka kazini, na jinsi mshauri anavyomsaidia mtu kuiweka.

Mpaka ni nini?

Shamba lina mpaka. Ukijulikana ulipo, unakaa na jirani kwa amani. Usipojulikana, kila msimu kuna ugomvi. Kazi nayo ni hivyo. Mpaka ni kujua kazi inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, inalipwa nini, na mambo gani hayamo. Si kiburi, si uvivu, wala si kumkosea adabu aliyekupa kazi.

Kwa nini ni vigumu kwetu?

Kwanza, mtu aliyekimbia vita alijifunza kunyamaza ili apone. Njiani kunyamaza kulimsaidia, na hapa bado ananyamaza mbele ya mwenye shamba. Pili, kazi ni chache na mgawo hautoshi. Tatu, wengine wanasema mnyonge hana haki, na mkimbizi ndiye mnyonge zaidi. Hilo la tatu si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inasema kazi kwa kawaida isizidi saa 48 kwa wiki, na mtu asifanye kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila siku ya kupumzika. Makubaliano ya mdomo pia yanatambuliwa.

Mshauri anasaidiaje?

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi hotelini. Walipatana saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Sasa kila siku anaambiwa abaki kuosha sufuria mpaka saa 3 usiku, bila nyongeza, na watoto wako peke yao. Mshauri hamwambii, "Acha kazi." Wanakwenda pamoja hatua kwa hatua:

1. Kueleza siku nzima, toka asubuhi mpaka usiku, halafu kuchagua jambo moja tu la kubadilisha. Ukitaka kubadilisha yote mara moja, utashindwa.

2. Kupima hatari. Nani atakasirika? Ukifukuzwa, nyumbani mtakula nini? Kama hatari ni kubwa, kusubiri mpaka upate kazi nyingine si woga. Ni akili.

3. Kutafuta maneno mafupi yenye heshima. Kwa mfano: "Mama, kazi hii naipenda. Saa 12 lazima nirudi kwa watoto. Sufuria nitakuja kuziosha asubuhi mapema." Usiseme uongo kwamba unaumwa. Uongo huo unafaa siku moja tu, kesho utatafuta mwingine.

4. Kufanya mazoezi. Mshauri anajifanya mwenye hoteli, hata kwa sauti ya ukali, na wewe unajibu. Mnarudia mpaka sauti yako isitetemeke.

5. Kurudi kusema yaliyotokea. Akikubali, vizuri. Akikataa, mnaangalia njia ya katikati: labda kubaki jioni mbili tu kwa wiki, au kulipwa nyongeza.

Kwa wanaofanya kibarua shambani: patana kabla jembe halijaingia ardhini. Pima sehemu ya kulima kwa hatua, uliza malipo ni kiasi gani, yatatolewa lini, na kama kuna chakula. Awepo mtu mwingine anayesikia.

Kwa sisi wa kujitolea na wakalimani: majirani wanagonga mlango usiku. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mtoto anayeshikwa na degedege, inuka mara moja. Swali la kadi ya mgawo lingoje asubuhi. Na mkalimani anayesikia habari za mateso kutwa nzima, asiende nazo nyumbani peke yake. Azungumze na msimamizi wake, bila kutaja jina la mgonjwa.

Jambo lisilo la kupatana

Kama mtu anakudai mwili wako ili akupe kazi, akulipe mshahara wako au akuandike kwenye orodha ya msaada, hapo si suala la kutafuta maneno mazuri. Ni unyanyasaji. Kosa ni lake, si lako, hata kama ulikubali kwa sababu ya njaa. Tangu mwaka 2003, agizo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa linawakataza wafanyakazi wake na wa mashirika yanayoshirikiana nao kutoa pesa, kazi au msaada ili wapate ngono. Linakataza pia ngono na mtoto wa chini ya miaka 18. Mweleze afisa wa ulinzi au mshauri, au tumia sanduku la malalamiko. Kama umebakwa, fika kituo cha afya upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita.

Kwenu watu wa nyumbani

Mtu akirudi amechoka na kusema kazi inamshinda, msikimbilie kumwambia, "Vumilia, wengine hawana hata hiyo." Hilo analijua, na ndilo linalomfunga mdomo. Muulizeni: "Ni kitu gani kinakuumiza zaidi?" Halafu msikilizeni mpaka amalize.

Kumwona mshauri hakulipiwi, na mnayozungumza hayatangazwi kijijini. Hujui pa kuanzia? Muulize VHT wa kijiji chako akupeleke. Huna haja ya kumweleza sababu.