Kuvunja mkataba wa intaneti Uingereza: lipi kweli, lipi uongo?

Aliyezoea intaneti ya nyumbani ya Nairobi mara nyingi amezoea kulipa kabla: pesa ikiisha huduma inakatika, na hakuna anayemdai mwenzake. Akihamia London au Leicester anatia saini mkataba wa miezi 18 au 24. Siku akitaka kuhamia kampuni nyingine, ushauri wa jamaa waliotangulia humjia kwa wingi.

"Zuia tu benki isilipe, watakata wenyewe."
Uongo, na ndio unaoumiza watu kuliko mwingine wowote. Kufuta makato ya benki hakufuti mkataba. Kampuni itakata huduma, ndiyo, lakini bili zitakuwa zimeshalimbikizana, kisha gharama ya kuvunja mkataba itawekwa juu yake, na deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni. Likiingia kwenye rekodi yako ya mikopo kama deni lililoshindikana kulipwa, hukaa huko miaka 6. Mgeni ndiye anayeihitaji rekodi hiyo zaidi, maana wakala wa nyumba ataitazama, na benki vilevile.

"Ukitoka mapema unalipa miezi yote iliyobaki."
Nusu kweli. Kwa mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano nchini humo, gharama ya kutoka haipaswi kuzidi malipo yaliyobaki, na kampuni inatakiwa ipunguze zile gharama ambazo haitaingia tena kwa kuwa haikuhudumii. Tuseme unalipa pauni 30 kwa mwezi na imebaki miezi 9. Hapo pauni 270 ndiyo kiwango cha juu kabisa, unachodaiwa kinapaswa kuwa chini yake. Omba kiasi halisi kwa maandishi, kisha piga hesabu. Kampuni mpya ikikutoza pauni 22, utaokoa pauni 72 tu katika miezi hiyo 9. Kama kutoka kunagharimu pauni 200, subiri. Kuna kampuni zinazomrudishia mteja mpya sehemu ya gharama hiyo, ila soma masharti kabla ya kushangilia.

"Wakipandisha bei, uko huru kuondoka."
Inategemea. Ongezeko likiwa limeandikwa ndani ya mkataba, ulishalikubali uliposaini. Mikataba ya tangu 17 Januari 2025 lazima itaje ongezeko hilo kwa pauni na peni, badala ya kulifunga na mfumuko wa bei usiotabirika. Ni afadhali, ingawa bado unapandishiwa. Lisipokuwemo kwenye mkataba, kampuni inatakiwa ikuarifu mwezi mmoja kabla, nawe unaweza kutoka bila kulipa chochote cha adhabu.

"Intaneti ikisuasua, naondoka bure."
Kweli, kwa kampuni zilizojiunga na kanuni ya hiari ya kasi ya intaneti, tena kwa sharti. Ulipojiunga ulitajiwa kasi ya chini ya uhakika. Ikishuka chini ya hapo, lalamika. Wana siku 30 za kurekebisha, wakishindwa unaondoka. Pima kwa waya uliochomekwa kwenye ruta. Kipimo cha simu ukiwa chumbani juu hakitakusaidia.

"Nikihama nyumba mkataba umekufa."
Uongo. Kwa kawaida mkataba wako unakufuata kwenye anwani mpya, au unalipa gharama ya kutoka.

"Siku 14 za mwanzo naweza kughairi."
Kweli, ikiwa ulijiunga kwa simu au mtandaoni. Kama huduma ilishaanza kwa ombi lako, utalipia siku ulizotumia.

"Lazima uanze kwa kuiaga kampuni ya zamani."
Si kweli tena tangu 12 Septemba 2024. Unaiambia kampuni mpya peke yake, nayo inashughulikia uhamisho. Ya zamani hukutumia taarifa, pamoja na gharama ya kutoka, kabla hujaamua. Hairuhusiwi kukutoza siku za notisi zinazopita siku ya kuhama. Tahadhari moja: televisheni na laini ya simu ya mkononi havihami vyenyewe, hivyo uvisitishe mwenyewe.

Mkataba ukikaribia kuisha, kati ya siku 10 na 40 kabla, kampuni ni lazima ikutumie taarifa. Usiitupe pamoja na matangazo. Ukishaisha, gharama ya kutoka mapema haipo tena, na bei ya mwezi kwa kawaida hupanda.