Jinsi ya Kurekebisha Kabureta ya Pikipiki

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika injini. Kilo moja ya petroli yahitaji kiasi cha kilo 15 za hewa ili iteketee yote. Petroli ikizidi, plagi huingia masizi na fedha za mwenye pikipiki hutoka pamoja na moshi. Hewa ikizidi, injini hupata moto kupita kiasi, na pistoni au valvu yaweza kuharibika. Kwa mtu apataye riziki yake kwa kuchukua abiria, hasara hiyo si ndogo.

Mahali nako kuna maana. Nairobi ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa pwani yaweza kula petroli kupita haja ikipandishwa bara, na ile ya bara ikishuka pwani yaweza kupungukiwa.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, yafaa kusafisha chujio la hewa, kutazama plagi, na kuhakikisha kwamba mpira unaounganisha kabureta na injini haukupasuka. Wengi huilaumu kabureta, kumbe chujio limejaa vumbi.

Kazi yenyewe na ifanyiwe nje, mbali na moto na sigara. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu katika chumba kilichofungwa.

Kabureta nyingi zina skrubu mbili za kurekebishia. Kubwa huongeza au hupunguza mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama. Ndogo hupima mchanganyiko. Injini ikiwa imezimwa, ile ndogo izungushwe ndani taratibu mpaka ikome, bila nguvu, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa. Kisha irudishwe pale pale ilipokuwa. Hivyo mtu akikosea ataweza kurudi alikoanzia.

Baada ya hayo pikipiki iendeshwe kiasi cha dakika kumi ipate moto, na choki iondolewe. Injini ikinguruma polepole, skrubu ndogo izungushwe robo mzunguko, kisha mtu angoje kidogo na kusikiliza. Katika kabureta nyingine kukaza hupunguza petroli, na katika nyingine hupunguza hewa. Kwa sababu hiyo sikio ndilo la kufuatwa. Pale injini inapokwenda kasi na kwa utulivu kuliko pote ndipo mahali pake. Mwishowe skrubu kubwa ipunguze mwendo mpaka injini itulie bila kuzima.

Baada ya siku chache plagi itatoa ushahidi: rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yaonyesha petroli nyingi, na nyeupe yaonyesha hewa nyingi.

Lakini skrubu hizi hutawala mwendo wa polepole tu. Pikipiki ikisumbua iendapo kasi, kosa laweza kuwa katika jeti, yaani kitundu kipitishacho petroli, nayo hubadilishwa na fundi. Kadhalika pikipiki nyingine za siku hizi hazina kabureta kabisa, bali hupuliza petroli kwa nguvu za umeme. Hizo zisiguswe kwa bisibisi nyumbani.