Ndoa na Mkongomani haileti uraia siku ya arusi: miaka 7 ya kusubiri, na faili inayofika hadi Bunge

Mashariki mwa Congo, mapenzi hayasimami mpakani. Uvira na Bujumbura, Kalemie na Kigoma, Kasumbalesa na miji ya Zambia: watu wanajuana sokoni, bandarini, kanisani. Mahari inatolewa, familia mbili zinakula pamoja, watoto wanazaliwa. Swali la makaratasi linakuja baadaye, mara nyingi siku ambayo afisa wa DGM, idara ya uhamiaji, anamwomba mama wa nyumba amwonyeshe viza yake.

Wengi wanajibu kwamba bwana yangu ni Mkongomani. Kwa sheria, jibu hilo halitoshi.

Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 kuhusu uraia inasema wazi kwamba ndoa peke yake haibadilishi uraia wa mtu. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkongomani anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Siku anapoweka ombi, wawili hao wawe bado wanaishi pamoja, na mwenzake Mkongomani awe hajapoteza uraia wake. Uamuzi wenyewe hautoki komine wala kwa gavana. Ni dekreti inayojadiliwa katika baraza la mawaziri, baada ya Bunge la taifa kukubali. Mtu anayeuza samaki Kalemie, faili yake inapaswa kupita mbele ya wabunge Kinshasa. Ni njia ndefu kupita kiasi kwa jambo la mume na mke, na ndiyo maana familia nyingi hazijaribu hata kuianza.

Kabla ya hapo, mgeni anabaki mgeni. Anahitaji viza ya ukaaji, ile inayoitwa visa d'établissement, inayotolewa na DGM. Viza hiyo inalipiwa, na ikiisha inafanywa upya.

Tuchukue mfano wa mwanamke kutoka Kigoma aliyeolewa Kalemie. Masharti ya kupata uraia yanataka mtu awe mtu mzima, mwenye mwenendo mzuri, awe ameishi nchini miaka 7, na ajue kuzungumza moja ya lugha za Congo. Hapo kwenye lugha hana shida: Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Shida iko kwenye sharti jingine. Lazima aandike kwamba anaacha uraia wake mwingine wowote, kwa sababu uraia wa Congo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mama huyo anachagua: abaki Mtanzania na kulipa viza, au awe Mkongomani na kuingia Kigoma kwa wazazi wake kama mgeni. Burundi, Uganda na Kenya zinakubali uraia pacha, lakini hilo halimsaidii mtu upande huu wa mpaka, maana Congo ndiyo inayodai aachane na ule wa kwanza.

Kwa nini mtu ahangaike basi? Kwa sababu ya riziki na ya nyumba.

Biashara ndogo imetengwa kwa raia tangu sheria ya biashara ya 5 Januari 1973. Meza ya mboga, kibanda cha nguo, duka dogo la mtaani: kwa maandishi ya sheria, mke mgeni hana haki ya kuviendesha kwa jina lake. Wengi wanaviendesha hata hivyo, kwa jina la bwana, na hapo ndipo kila anayejiita mkaguzi anapopata nafasi ya kuomba kitu. Kuhusu ardhi, sheria ya 20 Julai 1973 inampa Mkongomani peke yake haki ya kudumu juu ya kiwanja, concession perpétuelle. Mgeni anapewa haki ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Maisha yakiwa mazuri, hakuna anayefikiria tofauti hiyo. Siku bwana anapofariki na ndugu zake wanakuja kuuliza kiwanja ni cha nani, inafikiriwa sana.

Na kifo kinagusa uraia pia. Sheria inadai maisha ya pamoja yawe yanaendelea siku ya kuweka ombi. Mume akifa mwaka wa 6, njia ya ndoa inafungwa. Vilevile kwa wale ambao bwana yao yuko Ubelgiji au Kanada na amechukua uraia wa huko: machoni pa sheria ya Congo huyo si Mkongomani tena, na mke aliyebaki Lubumbashi hana tena mtu wa kumtegemea katika faili yake.

Kosa linalowaangusha wengi liko mwanzoni kabisa. Mahari imetolewa, wazee wameshuhudia, lakini hakuna aliyekwenda kwenye ofisi ya état civil kuandikisha. Sheria ya familia inatambua ndoa iliyofungwa katika familia, ila inataka iandikishwe. Bila cheti cha ndoa, mtu atathibitishaje kwamba miaka 7 imetimia? Picha za arusi hazitoshi. Na kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, miji iliyo mikononi mwa M23 tangu Januari na Februari 2025, hata kupeleka karatasi hadi Kinshasa kumekuwa safari ya kuzunguka nchi jirani.

Wengine wameweka tumaini katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo ilijiunga nayo 2022. Jumuiya inazungumza juu ya watu kutembea na kufanya kazi kwa uhuru, lakini itifaki yake ya soko la pamoja imeacha suala la ukaaji wa kudumu kwa sheria za kila nchi.

Watoto hawako katika hali hiyo. Mwenye mzazi mmoja Mkongomani, awe baba au mama, ni Mkongomani tangu kuzaliwa, bila ombi wala dekreti. Lakini mwaka 2021 pendekezo linalojulikana kwa jina la Noël Tshiani lilifikishwa Bungeni, likitaka urais uwe kwa mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongomani. Halijawa sheria. Katika nyumba za Uvira na Kalemie ambako mama ni Mrundi au Mtanzania, watu walilisikia, na bado wanaliulizia.