Ngome Chini ya Kanisa: Matabaka ya Ardhi na Matabaka ya Jina Mjini York

Makala haya yanahusu ngome ya askari wa Kirumi iliyofunikwa na mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza tuna haja gani nayo. Haja ipo, kwani yaliyofukuliwa pale yanatuwezesha kuihakiki njia moja ya kutafuta asili ya maneno ambayo tumeizoea mno: ile ya kulitazama neno lilivyo leo na kudhani kwamba sauti zake zatosha kutupa historia yake.

Ngome hiyo, Eboracum, ilianzishwa mnamo mwaka 71 B.K. na Lejioni ya Tisa, zama za liwali Petillius Cerialis. Ilichukua ekari 50 hivi. Kwanza ilikuwa ya udongo na mbao, kisha ikajengwa upya kwa mawe. Jiwe la maandishi lililopatikana mwaka 1854 lataja ujenzi wa lango mwaka 107 au 108. Humo ndimo alimofia mwaka 211 Kaisari Septimius Severus, Mwafrika wa Leptis Magna katika Libya ya leo.

Ufukuaji mkubwa ulitokana na hofu wala si udadisi. Mwaka 1967 ilibainika kwamba misingi ya mnara wa kati wa kanisa kuu ilikuwa ikititia, na mnara wenyewe ungeweza kuanguka. Wahandisi wakachimba hadi mwaka 1972 ili kuizungushia misingi zege, na wataalamu wa mambo ya kale wakafanya kazi miguuni pao, mashimoni, kwa haraka. Zege haimngoji mtu. Huko chini wakakuta kuta, nguzo na lipu iliyotiwa rangi: mabaki ya makao makuu ya ngome, pamoja na ukumbi wake mkubwa. Nguzo moja ikasimamishwa nje ya kanisa mwaka 1971.

Lililo kubwa zaidi kwetu ni mielekeo. Majengo ya Warumi hayakufuata mashariki na magharibi, bali yalikaa mshazari. Makaburi ya Kikristo ya kabla ya Wanormani yaliyopatikana juu yake yalilazwa kwa mshazari uo huo, ishara kwamba ramani ya Kirumi ilikuwa ingali ikionekana juu ya ardhi karne nyingi baada ya askari kuondoka. Wanormani, walipojenga kanisa lao kuanzia miaka ya 1080, ndio walioikata ramani hiyo kwa kulielekeza lao mashariki barabara. Ukumbi wenyewe ulisimama hadi lini? Taarifa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 1995, na wataalamu wangali wakihitilafiana.

Sasa tulitazame jina. Eboracum hudhaniwa kuwa na shina la Kikelti lenye maana ya mti fulani wa Ulaya ambao mbao zake zilifaa kwa pinde. Waanglia walipolirithi, hawakulielewa. Wakalisikia kama neno lao la nguruwe mwitu, wakaliongezea neno la makazi, likawa Eoforwic. Waskandinavia walioutwaa mji mwaka 866 wakalitamka Jórvík, na kiishio chake kwao chamaanisha ghuba, ingawa York haina ghuba yoyote. Mwishowe likafupika kuwa York. Kila kizazi kililipa jina maana kamili katika lugha yake, na kila maana ilikuwa ngeni kwa waliotangulia.

Mitaa nayo ni vivyo hivyo. Petergate na Stonegate zinafuata njia kuu mbili za ngome ya Kirumi. Mgeni ajuaye Kiingereza atadhani zilipewa majina kwa malango, kumbe kiishio hicho ni neno la Kiskandinavia la njia; malango ya mji huo huitwa kwa neno jingine kabisa. Njia ni ya Mrumi, jina ni la Mskandinavia, na kosa la tafsiri ni la msemaji wa leo.

Hapa kwetu tunao mfano unaodai uangalifu uo huo. Yako masimulizi kwamba Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, ulipata jina lake kutokana na Shanghai, kwa sababu ya mabaharia wa Kichina walioponea ufukoni. Mark Horton alipofukua hapo katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti midogo, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya nane. Merikebu za Zheng He zilifika Afrika ya Mashariki katika karne ya kumi na tano, na Shanga ulihamwa katika karne iyo hiyo. Anayeishikilia Shanghai hana budi kutueleza wakazi wa miaka mia sita na zaidi waliuitaje mji wao, na jina hilo lilipotelea wapi. Wala anayekimbilia shanga za kuvaa shingoni hajatuthibitishia zaidi. Naye ameanzia tabaka la juu.